Daftari la Makosa

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeambiwa nisicheke. Nina miaka thelathini na moja, nimecheza mpira wa kikapu miaka kumi na minne, na leo asubuhi, mbele ya wachezaji wenzangu kumi na mmoja, mtu mzima amesimama akaniambia mimi Rhobi nisicheke uwanjani.

Mtu mwenyewe ni Kocha Stanislausi. Ameletwa kutoka Mwanza mwezi wa nne, baada ya mwenye kiwanda kimoja cha samaki kukubali kutulipa mshahara. Ni mrefu, mkavu, hageuzi shingo. Akisimama pembeni ya uwanja unaweza kudhani shirika la umeme limemsahau pale. Kabla yake tulikuwa wanawake wa Musoma tunaokutana jioni tukitoka kazini, tunacheza mpaka giza linatufukuza. Sasa ni wachezaji wa kulipwa, na inaelekea mchezaji wa kulipwa haruhusiwi kuonyesha meno.

Chanzo ni Jumamosi. Tulikuwa Bunda, tunaongoza kwa pointi moja, sekunde zimebaki chache, mpira uko kwangu. Nikatoa pasi kwa nyuma ya mgongo. Ikatoka nje. Wenyeji wakarusha, wakafunga, mchezo ukaisha, tukawa tumefungwa kwa pointi moja. Nikacheka. Wengine wakifikwa na jambo wanalia, mimi nacheka, ndivyo nilivyoumbwa.

Kwa hiyo kuanzia leo ni marufuku kucheka, kuimba na kuongea uwanjani. Anayeongea ni kocha peke yake. Kila mmoja amepewa daftari la kuandika makosa yake kila siku. Mwisho wa Julai anayakusanya, anayasoma, halafu anatoa mikataba ya mwaka ujao. Ambaye hajabadilika hapati.

Haya, kocha. Kosa langu la leo ni kuzaliwa na meno thelathini na mawili.


Alhamisi, 5 Juni

Naandika hili ili akilisoma aelewe, ingawa nina mashaka.

Mama yangu ni Mkurya aliyeolewa Bunda, pale Kabasa, na mpaka leo analima pamba. Wakati wa kuchuma majirani wanakuja kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, watu wa mama wanaita risaga. Kila mtu anapewa mstari wake. Ukiinama kwenye pamba humwoni mwenzako, kwa hiyo kiongozi anaimba, "Yuko wapi wa kwetu?" na kila mmoja anaitikia kutoka alipo, "Niko hapa, nachuma." Kwa zile sauti unajua nani yuko mbele na nani amebaki. Waliomaliza hawaendi kunywa togwa. Wanarudi kwa yule wa nyuma kabisa, wanaingia mstari wake kutoka upande wa pili, wanachuma wakiimba mpaka wakutane naye katikati. Kwa mama hakuna mtu anayetoka shambani peke yake, hata awe mvivu wa kupindukia.

Nilianza kuimba hivyo uwanjani kwa utani tu, mwaka wangu wa pili. Wenzangu wakaitikia kwa utani. Halafu nikagundua nasikia Tabitha yuko kulia chini ya goli, namtupia mpira bila kugeuka. Watu wa Musoma wakasema Rhobi ana macho kisogoni. Sina macho kisogoni. Nilikuwa nasikiliza.

Nimejaribu kumweleza kocha. Akasema, "Hizo ni ngonjera."


Jumatatu, 9 Juni

Mazoezi. Kimya. Upepo wa ziwa ndio ulioongea.


Jumamosi, 14 Juni

Tumecheza hapa nyumbani Iringo na timu ya Tarime. Tumeshinda kwa pointi mbili. Mwaka jana hao hao tuliwafunga mpaka tukawaonea huruma. Leo mara tatu nimetupa mpira pale anapokuwa Tabitha na Tabitha hayupo. Mara ya tatu mpira umempiga mzee mmoja kwenye jukwaa. Nikamwomba radhi kwa mikono, maana mdomo umefungwa.

Aliyetuokoa ni Jenipher. Ametia pointi ishirini na saba. Huyu ni binti wa Butiama, miaka ishirini na moja, na mimi namwita Mashine. Anafika uwanjani kabla jua halijatoka anapiga mpira golini mara mia tano, halafu ndipo anakunywa chai. Hacheki, hata kabla ya sheria alikuwa hacheki. Kocha anampenda kupita kiasi. "Mwangalieni Jenipher." Tunamwangalia.

Leo kwenye chumba cha kubadilishia nguo nimemkuta ameinamia daftari, yuko kurasa za mwisho.

"Unaandikaga nini huko, mdogo wangu?"

"Makosa, dada."

"Yote hayo?"

"Na mengine bado."

Amemwomba kocha daftari la pili. Namsikitikia huyu mtoto. Atafika miaka thelathini hajui kwamba huu ni mchezo.


Jumatano, 18 Juni

Tabitha amefokewa kwa kunuka samaki. Tabitha ni jirani yangu hapa Kigera, mama wa watoto wawili, ndiye mrefu kuliko sote. Asubuhi bado anauza furu na sato kule sokoni Mwigobero, ingawa mkataba umesema tusifanye kazi nyingine. Amenawa kwa ndimu, lakini samaki wa ziwa hili hawasikii ndimu.

Tukirudi nyumbani alikuwa ananichekesha kwa kumwigiza kocha, akasimama akanyoosha shingo. Halafu akaacha.

"Unajua huyu naye alikuwaga mchezaji?" akaniambia. "Wateja wangu wa Mwanza wameniambia. Alikuwa fundi kweli. Mwaka ambao walikuwa waingie ligi kubwa, mpira uko mkononi mwake, sekunde nne zimebaki, wanaongoza. Akaanza kuwapungia watu wa jukwaani. Wakampokonya, wakafunga."

"Halafu?"

"Halafu nini? Hakurudi tena uwanjani mpaka alipoanzaga ukocha."

Nikamwambia hiyo ni habari yake, mimi inanihusu nini.


Jumapili, 22 Juni

Mama amepiga simu. Pamba imepasuka yote kwa pamoja, shamba jeupe. Imebaki mistari ishirini na sita na anachuma peke yake.

"Majirani wako wapi, mama?"

"Wako kwa waliowasaidia. Mwaka huu sisi hatujaenda kwa mtu. Mimi mgongo, wewe mpira."

Hakusema kwa kulaumu. Lakini ni kweli, kila mwaka mimi ndiye niliyekwenda kwa majirani wiki mbili nzima, ndipo wao wakaja kwetu. Mwaka huu sikwenda hata siku moja. Nimemwomba kocha siku tatu akanikatalia. Amesema vidole vya mchezaji si vya kuchumia pamba. Nilitaka kumwambia kwamba mkono wangu wa kushoto, huo anaousifia, ulifundishwa na pamba, maana mchumaji anayetumia mkono mmoja analala shambani. Sikumwambia. Nimeandika hapa.


Jumamosi, 28 Juni

Tumeshinda kwa pointi nne. Ni kama kula ugali bila mboga.


Jumanne, 1 Julai

Mama: mistari ishirini na moja. Kuna wingu upande wa ziwa ambalo si la mwezi huu. Mvua ikinyesha juu ya pamba iliyopasuka, pamba safi yote inageuka fifi, ile chafu ya bei ya chini.


Jumamosi, 5 Julai

Kocha amenikuta nafanya mazoezi nikitabasamu. Kutabasamu tu. Nimekimbia kupanda kilima cha Mukendo na kushuka mara nne. Kule juu, mbali na macho yake, nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja anayeuza karanga akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.


Jumanne, 8 Julai

Jana Sabasaba tulicheza mechi ya maonyesho Butiama. Baadaye Jenipher akanikaribisha kwao nilale, mama yake amechinja kuku. Nilikubali kwa ajili ya kuku, niseme ukweli.

Asubuhi nimeamshwa na mdundo. Nikatoka. Nyuma ya nyumba kuna zizi la ng'ombe, na kwenye nguzo ya zizi wamepigilia ringi ya baiskeli. Jenipher alikuwa anarusha mpira, anauokota kwenye samadi, anaupangusa na kanga, anarusha tena. Ukigonga chuma anakunja uso. Ukipita katikati bila kugusa kitu, anacheka. Kicheko chenyewe ni kidogo, puani, lakini kicheko. Nilisimama pale nikahesabu vicheko tisa kabla hajaniona.

"Shikamoo dada Rhobi. Umeamka?"

"Marahaba. Kumbe unachekaga."

Akaona haya. "Huku hakuna kocha."

"Mimi nilidhani unajiadhibu na hiyo mipira mia tano."

Akaubana mpira kwapani. Ng'ombe mmoja alikuwa anamnusa mgongoni, hana habari naye.

"Dada, najua mnaniita Mashine. Sawa. Lakini mimi hii kitu nimeanzaga darasa la tano na hakuna mtu alinituma. Baba alitaka nichunge, nikawa nachunga huku napiga. Nikikosa nachukia. Nikirudia ikaingia, roho inatulia mpaka usiku. Wewe furaha yako iko mdomoni, kila mtu anaiona. Yangu iko huku." Akanionyesha kiganja. "Usinionee huruma, dada."

Miezi yote hii nilikuwa namlilia mtu ambaye hana msiba.

Halafu akaniuliza jambo ambalo limenikaa kifuani mpaka saa hii ninapoandika.

"Siku ile ya Bunda, ile pasi ya mwisho. Kwa nini hukuimba?"

"Nani?"

"Wewe. Nilikuwa pembeni kushoto, peke yangu, hakuna mtu ananikaba. Nilikuwa nangoja wimbo. Ungeimba ningeitikia."

"Wewe Jeni hujawahi kuitikia hata siku moja."

"Naitikiaga kila siku. Kwa sauti ndogo. Unanisikiaga, ndiyo maana mpira unanifikiaga."


Jumatano, 9 Julai

Hili ni daftari la makosa, basi leo naandika kosa.

Siku ile ya Bunda sikuimba. Jukwaa lilikuwa limejaa watu wa kwetu, watu wa Kabasa walioniona nikikua, na nilitaka wanione. Pasi ya nyuma ya mgongo nilijifunza mwezi ule ule na sikuwahi kuitoa mechini. Sikumtafuta mtu kwa sikio. Nilitupa mpira kimya, kwa ajili ya makofi, na kicheko kilichofuata kilikuwa cha kufunika aibu. Timu ilinipa mchezo mkononi nikauchezea.

Na wewe kocha, kama umefika ukurasa huu, nasikia nawe uliwapungia watu mkono ukiwa na mpira. Kosa letu ni moja. Sote wawili tuliwasahau wenzetu tukacheza na jukwaa. Wewe ukaona dawa ni kufunga mdomo wako na midomo ya wote utakaokutana nao. Hapo ndipo nakukatalia. Siku ile nilikosa kwa sababu nilinyamaza. Nitakukatalia leo na kesho, na mkataba kama unakufa na ufe.

Nina hasira, lakini leo nusu yake ni juu yangu mwenyewe.


Ijumaa, 11 Julai

Mama: mistari kumi na saba. Wingu bado lipo.


Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda Kabasa bila ruhusa. Nimechuma tangu asubuhi mpaka saa kumi, mama mstari wake mimi wangu. Watu wawili hawatoshi kuwa risaga, lakini tuliimba. Mama sauti yake imepungua. Akiitikia nilikuwa nasikia yuko mbali nyuma, namaliza wangu naingia wake. Imebaki kumi na mbili.

Alinikagua vidole tukiwa tunachambua safi na fifi. Miiba ya vitumba vikavu imenichana pembeni ya kucha zote.

"Huyo mwalimu wenu atasemaje?"

"Aseme."

"Usimkosee adabu, mwanangu."

"Simkosei adabu, mama. Namkatalia."

Mama akasema kwake yeye haoni tofauti, lakini alikuwa anacheka.


Jumatatu, 14 Julai

Ameona vidole. Hakufoka, afadhali angefoka. Aliniweka pembeni akasema kwa sauti ya chini kwamba fainali ya ligi yetu ya kanda ni tarehe ishirini na sita, hapa hapa Iringo, na kwamba tukiifikia nikafungua mdomo siku hiyo nitakaa benchi, na mkataba wangu niuangalie vizuri.

"Wewe una kipaji kuliko wote hawa," akasema. "Ndiyo maana unaniudhi."

Nusu ya maneno hayo nimeyapenda. Nimejichukia kwa kuyapenda.


Jumamosi, 19 Julai

Tumeingia fainali. Kimya kimya, kama wezi.


Jumatano, 23 Julai

Mama: mistari tisa. Mgongo umemkamata, amelala. Kocha ametuweka kambini, hakuna kutoka mpaka fainali ipite.


Jumapili, 27 Julai

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, yote.

Uwanja wa Iringo ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Timu ya Mwanza ni kubwa, wanalipwa miaka mingi kuliko sisi, na wachezaji wao ni wasichana wazuri tu, hatuna ugomvi nao. Nusu ya kwanza tulicheza kama tulivyoagizwa. Kila mmoja alifanya kazi yake kimya na kila mmoja alikuwa peke yake. Tukaenda mapumziko tuko nyuma kwa pointi tisa.

Ningesema sikupanga ningekuwa mwongo. Nilipanga nikiwa nakunywa maji. Robo ya tatu ilipoanza nilishika mpira, nikavuka katikati ya uwanja, nikaimba, "Yuko wapi wa kwetu?"

Mwanzoni hakuna aliyeitikia. Nilimsikia kocha akiita jina langu. Halafu kutoka chini ya goli, kulia, sauti nene ya Tabitha: "Niko hapa!" Nikatupa mpira bila kugeuka. Ulimfikia kifuani. Kikapu.

Tukarudi kukaba. Tukapata mpira tena, nikaimba tena, safari hii wakaitikia watatu, na watu wa ukutani nao wakadaka wimbo. Lo, nilifurahi. Sitaki kulipamba. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Dakika nne hivi, tisa zikawa nne.

Ndipo kocha akaomba muda. Tukamzunguka, tunahema, tunacheka.

"Rhobi, kaa."

"Kocha, tumerudi mchezoni."

"Nimekuambia mapema. Kaa."

Nikakaa. Hilda akaingia mahali pangu. Hilda ni mchezaji mzuri mwenye adabu, aliingia huku ananiangalia kama mtu aliyeniibia. Kimya kikarudi. Nne zikawa saba. Robo ya nne ikaanza, kocha hajaniangalia hata mara moja, na mimi nimeshika taulo kwa meno nisije nikasema neno la kunifukuzisha pale pale.

Zilikuwa zimebaki dakika sita hivi, mpira uko kwa Jenipher. Alikuwa amebanwa na wasichana wawili, anadunda, haoni njia. Nikamwona anafumba macho. Kwa kweli alifumba macho. Akaimba.

Jamani, huyu mtoto hajui kuimba. Sauti ilikuwa kavu, imepinda, nusu ya watu hawakujua ni nini. "Yuko wapi wa kwetu?" Tabitha alikuwa karibu aanguke kwa mshangao. Lakini akaitikia. Hilda akaitikia. Jenipher akautoa mpira katikati ya wale wawili, ukamfikia Hilda, Hilda akafunga.

Kocha akageuka benchi. Nilijua anachotafuta. Alitaka mtu wa kuingia badala ya Jenipher, Jenipher wake wa mfano. Tulikuwa saba pale. Wa kwanza akainama kufunga kamba za viatu. Wa pili naye akainama. Wa tatu. Wote sita waliinama, wamezishika kamba ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa, na mimi wa saba nilikuwa nimekwisha kutolewa, hanihitaji. Kocha alitazama migongo ile sita. Akageuka akautazama uwanja. Hakumtoa mtu tena mpaka mwisho.

Jenipher aliimba kila tulipopata mpira. Safari moja alipita mbele ya benchi, akaimba huku ananiangalia mimi, na mimi nikaitikia, "Niko hapa, nimekaa!" Benchi lote likaangua kicheko, hata mwamuzi.

Tumeshinda kwa pointi tatu. Tumeshinda mimi nikiwa nimekaa.

Nimelia sana jana, na sijui kilio kile kilikuwa cha upande gani. Wimbo ni wangu na mchezo haukunihitaji. Nimefurahi na nimeumia. Tabitha alinipa furu wa kukaanga akaniambia nile kwanza, mengine nitajua nikishiba.


Jumatatu, 28 Julai

Mikataba imetolewa leo asubuhi ofisini, hata kabla madaftari hayajakusanywa. Nilidhani sina, kumbe ninao. Nimesoma mpaka kipengele cha sita: mchezaji hatacheka, hataimba wala kupiga kelele uwanjani.

"Na wengine wanacho hiki?" nikamuuliza.

"Wengine hawahitaji kuandikiwa."

"Jenipher ameimba."

"Jenipher amejifunza kwako."

Nilishika kalamu. Nimesimama pale nikawaza nyumba yangu ya Kigera, nikawaza miaka thelathini na moja, ni timu gani nyingine itanichukua. Mkoa huu hakuna. Nikaiweka kalamu chini taratibu, nisionekane natupa.

"Kocha, siwezi kusaini kwamba sitacheka. Nitakuwa mwongo kabla wino haujakauka."

"Una mpaka Jumatatu ijayo. Baada ya hapo nafasi nampa mwingine."

"Sawa. Nakwenda Kabasa kumsaidia mama. Na daftari hili nitakuachia. Lisome lote, usiruke."

Nayaandika haya nikiwa nimesimama mlangoni, nikimaliza namkabidhi. Ananitazama. Acha anitazame.


Jumamosi, 2 Agosti

Daftari limerudi. Naeleza lilivyorudi.

Wiki nzima nilikuwa nauguza mgongo wa mama, nachota maji, napika, shambani sikuingia. Leo ndiyo nilitaka kuanza ile mistari tisa, na wingu leo asubuhi lilikuwa jeusi kweli, limekaa juu ya Bunda yote. Saa mbili nikasikia gari. Ni pikapu ya kiwanda cha samaki, na nyuma yake wamesimama Tabitha, Jenipher, Hilda na wenzao watatu, wamejifunga kanga viunoni.

"Nani amewaita?" nikauliza.

"Risaga inaitwaga?" Tabitha akanijibu.

Mlango wa mbele ukafunguka akashuka Kocha Stanislausi, viatu vinang'aa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kocha akamwendea akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiye wewe uliyemkataza mwanangu kucheka?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama akamtazama juu mpaka chini, safari ndefu. "Haya. Chukua shuka hilo la kutilia pamba ujifunge. Mstari wako ule wa mwisho."

Tukaingia. Nikaimba, wakaitikia, hata Jenipher na ile sauti yake. Kocha alikuwa anachuma kwa mkono mmoja, anachanganya safi na fifi, anang'oa na majani. Mama alimfokea kutoka kwenye kigoda kwamba hata mbuzi wake anachuma vizuri zaidi. Tulipomaliza mistari minane, yeye alikuwa hajafika hata nusu ya mmoja. Tuliona mgongo wa shati tu, umelowa.

Wenzangu wakanigeukia. Wanajua desturi, nimewasimulia miaka yote. Wa nyuma anapokelewa, na anayeanzisha ni mwenye wimbo.

Nilimwacha kidogo. Nilikwenda kwenye chungu cha togwa nikanywa kikombe kizima, jambo ambalo mama hajawahi kuniona nikifanya kabla shamba halijaisha. Mama alinikazia macho. Nikanywa na kikombe cha pili, nusu.

Halafu nikajifunga shuka upya, nikaingia mstari wake kutoka upande wa pili, nikaanza kuchuma. "Yuko wapi wa kwetu?"

Hakuitikia. Upepo ulipita, nikasikia pamba zinagusana. Nikaimba tena. Nikamsikia anakohoa. Mara ya tatu nikaimba kwa nguvu, kama mtu anayemwita aliyepotea, na kutoka chini ya mimea ikaja sauti kavu isiyo na tuni.

"Niko hapa."

Tuliendelea hivyo, mimi nikiita, yeye akinijibu maneno mawili tu, mpaka tukaonana uso kwa uso. Vidole vilikuwa vimechanika vyote. Kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake niliona daftari langu.

"Nimelisoma lote," akasema. "Ule ukurasa wa tarehe tisa nimeusoma mara mbili."

"Na pale pa shirika la umeme?"

"Hata pale." Mdomo wake ulifanya kitu upande mmoja. Sitaandika kwamba alicheka, asije akanishitaki. "Kipengele cha sita nimekifuta. Karatasi ninayo mfukoni. Na kalamu."

Tone la kwanza la mvua lilinidondokea mkononi. Nyuma yake, tangu alikoanzia, niliona pamba nyeupe alizoziacha, kila mche mbili tatu, safi kabisa, zinangoja kulowa.

"Chuma kwanza, kocha," nikamwambia. "Geuka, umeziacha nyuma yako. Na wimbo uitikie mpaka mwisho."